Kaaba na Mchemraba: Je, Jina Moja Limetokana na Jingine?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyemfundisha Nabii Adam majina ya vitu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Katika Ramadhani moja iliyopita, baada ya darsa ya alasiri, alitujia kijana mmoja anayesoma hisabati skuli na fiqhi kwetu chuoni. Alikuwa na swali, lakini aliona haya kuliuliza mbele za watu. Akasema: "Sheikh, Ijumaa khatibu alituambia kwamba Wazungu wameliita umbo la mchemraba 'cube' kwa sababu walilichukua jina hilo kwenye Kaaba yetu. Nilifurahi sana. Siku ya pili nikafungua kamusi skuli, nikakuta imeandikwa kuwa neno hilo ni la Kiyunani. Nilipomweleza mwenzangu akanicheka, akasema basi mambo ni kinyume: nyinyi ndio mliochukua jina la Kaaba kwa Wayunani. Sasa nimwamini nani?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba atupe siku chache turejee vitabuni, kwani swali lake lilikuwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza ni la lugha: majina haya yametoka wapi? La pili ni zito zaidi, nalo ni amana. Kijana akimkuta khatibu amekosea katika jambo ambalo kamusi ya skuli inalijua, ataanza kujiuliza kuhusu yale mengine ambayo khatibu huyohuyo amempokelea kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Kwa hiyo tumeona tuyaandike tuliyoyapata, huenda yakawafaa maimamu wenzetu na wanafunzi.

Asili ya neno Kaaba katika Kiarabu

Kila mwenye kusoma sarfu anajua kuwa neno la Kiarabu hutafutwa kwenye mzizi wake. Mzizi wa Kaaba ni herufi tatu: kaf, ayn na ba. Ibn Faris, aliyefariki mwaka 395 H, ameeleza katika kamusi yake ya Maqayis al-Lugha kwamba herufi hizi zinapokusanyika huonyesha maana ya kutokeza na kuinuka kwa kitu. Ukishika ufunguo huu, milango mingi itafunguka.

Kaʻb ni kifundo cha mguu, kwa sababu ni mfupa uliotokeza. Kaʻb pia ni pingili ya mwanzi au ya mpini wa mkuki, pale penye kivimbe baina ya sehemu mbili. Katika Suratun Nabaa, aya ya 33, wametajwa wanawake wa Peponi kwa neno kawaʻib, nalo limetoka mzizi huohuo: ni wasichana ambao vifua vyao vimeanza kuchomoza. Yote haya ni kutokeza na kuinuka.

Kisha kuna maana nyingine. Kifupa kilicho ndani ya kifundo cha mguu wa nyuma wa kondoo au mbuzi kilitumiwa na watu wa kale kuchezea. Kikirushwa hukaa juu ya ubavu mmoja katika mbavu zake nne. Waarabu walikiita kaʻb kwa jina la mahali kilipotoka. Baadaye yalipokuja madadu ya kuchonga, jina lilihamia huko, na wingi wake ni kiʻab. Ndiyo maana katika Hadithi zinazokataza mchezo wa nardi, katika Musnad ya Imam Ahmad na Sunan ya Abu Daud, utakutana na neno kiʻab, na maana yake hapo si vifundo vya miguu bali ni dadu. Mwanafunzi asiyejua haya atafasiri jambo la ajabu.

Ama Kaaba, wanavyuoni wa tafsiri wametaja sababu mbili za kuitwa hivyo. At-Tabari, aliyefariki mwaka 310 H, amepokea kutoka kwa Mujahid na Ikrima, nao ni wanafunzi wa Ibn Abbas (R.A.), kwamba iliitwa Kaaba kwa kuwa na pande nne. Wengine wamesema iliitwa hivyo kwa kuinuka na kutokeza kwake juu ya ardhi. Ar-Raghib Al-Isfahani katika Mufradat yake amesema kwamba nyumba yoyote iliyojengwa kwa umbo hilo la pande nne Waarabu huiita kaaba. Hakuna mgongano baina ya kauli hizi. Nyumba yenye pembe nne iliyoinuka peke yake bondeni, pembeni mwake hakuna jengo lililoizidi, inastahiki jina hilo kwa njia zote mbili.

Kwamba neno hili lilikuwa la kawaida kabla ya kuwa jina maalumu, tunao ushahidi katika Sahih Al-Bukhari. Jarir bin Abdillah Al-Bajali (R.A.) anasimulia habari ya nyumba ya masanamu iliyoitwa Dhul-Khalasa, na kwamba watu wa zama za ujahili waliiita pia Kaaba ya Yemen. Basi Waarabu walikuwa na neno lao, wakilitumia kwa nyumba za aina hiyo, mpaka Uislamu ulipokuja likabaki kuwa la Nyumba moja tu. Katika Qur'ani Tukufu neno Kaaba limetajwa mara mbili, zote katika Suratul Maida, aya ya 95 na aya ya 97. Mahali pengine Nyumba hiyo inatajwa kwa majina kama Al-Bayt na Al-Baytul Atiq.

Kwa nini mzizi huu unamhusu kila mwenye kutawadha

Huenda msomaji akasema, haya ni mambo ya watu wa kamusi. Sivyo. Katika Suratul Maida hiyohiyo, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameamrisha katika udhu kuosha miguu mpaka kwenye kaʻb mbili. Usahihi wa Sala ya mtu umefungamana na kulijua neno hili.

Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Maimamu wanne, wamesema kaʻb mbili ni ile mifupa miwili iliyotokeza ubavuni mwa kila mguu, mmoja ndani na mmoja nje. Imam Ash-Shafii (R.A.) ameeleza katika Al-Umm kwamba hakumsikia aliyekhalifu katika hilo. Mashia Imamiya wao wanasema ni sehemu iliyoinuka juu ya uso wa mguu. Katika madhehebu ya Hanafi kuna riwaya ya Hisham kutoka kwa Muhammad bin Al-Hasan inayosema ni pale katikati ya uso wa mguu panapofungwa ukanda wa kiatu. As-Sarakhsi na wengineo wamebainisha kwamba Muhammad alikusudia suala la aliyehirimia anayekata khofu zake, wala hakukusudia udhu.

Dalili za jamhuri ni nyingi, nasi tutataja mbili. Ya kwanza ni ya lugha: aya imetaja viwiko kwa wingi, kwa kuwa kila mkono una kiwiko kimoja, lakini imetaja kaʻb kwa muthanna, yaani mbili, kwa kuwa kila mguu una mbili. Ya pili ni Hadithi ya An-Nuʻman bin Bashir (R.A.) katika Sunan ya Abu Daud, anaposimulia jinsi Masahaba walivyosawazisha safu, mtu akigusanisha kaʻb yake na kaʻb ya mwenzake. Watu wawili waliosimama bega kwa bega hawawezi kugusanisha nyuso za miguu yao. Wanachoweza kugusanisha ni ubavu kwa ubavu. Tazama jinsi neno moja lilivyofahamika kwa kutazama watu wakiwa wamesimama katika Sala.

Juu ya neno hilo pia imesimama hukumu ya mipaka ya vazi la mwanamume, na kwa sababu hiyo wazee wetu walimsisitizia mwanafunzi ajue maana ya kaʻb kwa kidole, aguse mfupa wenyewe, kabla hajahifadhi tafsiri yake.

Neno la Wayunani

Sasa tuvuke bahari twende kwa Wayunani, ambao ndio Wagiriki. Katika lugha yao kuna neno kubos. Maana yake ya kawaida ni dadu, na kwa hiyo likatumika kwa umbo lenye nyuso sita za mraba zilizo sawasawa. Mwanahistoria wao Herodotus, aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Miladi, amewataja watu wa Lydia, nchi iliyokuwa upande wa magharibi wa Uturuki ya leo, akisema kwamba wao walidai ndio waliobuni mchezo wa dadu. Plato, katika kitabu chake cha Timaeus, amelifanya umbo hilo kuwa ni la chembe za udongo, kwa utulivu wake. Euclid naye, aliyeandika takriban mwaka 300 kabla ya Miladi, amelieleza katika kitabu chake cha Misingi.

Kutoka kwa Wayunani neno likaenda kwa Warumi likawa cubus, na mjenzi wao Vitruvius amelitumia katika karne ya 1 kabla ya Miladi. Kutoka Kilatini likaingia Kifaransa na Kiingereza. Mayahudi nao walilichukua jina la Kiyunani la mchezo wa dadu, na katika Mishna yao mcheza dadu ni miongoni mwa watu ambao ushahidi wao haukubaliwi. Wajerumani walikwenda njia yao wenyewe: wanaliita umbo hilo Würfel, kutokana na kitenzi chenye maana ya kurusha, na neno hilohilo ndilo la dadu.

Je, moja limetokana na jingine?

Tukianza na kauli ya khatibu: neno la Kizungu halikutoka Kaaba. Wahyi wa kwanza ulimteremkia Mtume (S.A.W.) karibu mwaka 610 Miladi. Neno kubos lilikwishaandikwa kwa Kiyunani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo, na njia yake kutoka Kiyunani mpaka Kiingereza inajulikana hatua kwa hatua.

Atatokea mtu aseme: lakini Kaaba ni ya kale kuliko Wayunani wote, na Qur'ani katika Surat Aal Imran, aya ya 96, imeitaja kuwa ndiyo Nyumba ya kwanza waliyowekewa watu. Tunasema: hilo ni kweli, nasi tunaliamini. Lakini ukale wa Nyumba si dalili ya safari ya neno. Nyumba ni jengo, na jina ni lugha. Katika Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyomo katika Sahih Al-Bukhari, tunasoma kwamba Nabii Ismail (A.S.) alijifunza Kiarabu kwa watu wa kabila la Jurhum waliohamia Makka. Anayedai kwamba neno lilitoka Makka likaenda Uyunani ana wajibu wa kuonyesha nani alilibeba, lini, na kwa njia gani. Hapana aliyeonyesha.

Ama kauli ya yule mwenzake kijana, kwamba Waarabu ndio waliochukua kwa Wayunani, nayo inaanguka kwa mizani hiyohiyo. Neno la kuazima huwa halina ndugu katika lugha ya ugenini. Utaliona peke yake, halina kitenzi wala mnyambuliko unaolieleza. Lakini Kaaba ina ukoo mzima: kifundo cha mguu, pingili ya mwanzi, kifua cha msichana, nyumba ya pembe nne. Tena katikati yake imesimama ayn, herufi ambayo Wayunani hawana. Mwarabu wa jangwani hakumhitaji Myunani amfundishe jina la kifundo chake cha mguu.

Basi lililo wazi ni kwamba tuna maneno mawili, kila moja limekulia kwao. Kinachofanana zaidi ni mwendo wa fikra. Waarabu walikuwa na mfupa wa kuchezea ulioitwa kwa jina la kifundo. Warumi nao walikuwa na neno talus, lenye maana ya kifundo cha mguu na pia mfupa wa kuchezea. Wayunani walikuwa na astragalos kwa maana hizohizo mbili. Wanadamu wameumbwa kwa umbo moja, wakachinja kondoo wenye mifupa ya aina moja, wakaipa majina kwa namna zinazokaribiana. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametutajia katika Suratur Rum, aya ya 22, kuwa kukhitalifiana kwa lugha zetu ni katika ishara zake. Kukaribiana kwake nako ni funzo kwa mwenye kuzingatia.

Hapa kuna tanbihi kwa wasemaji wa Kiswahili. Wengine husikia neno letu kuba wakadhani ndilo hilo la Wayunani. Kuba ni qubba kwa qaf, si kwa kaf, nayo ni paa la mviringo lililo juu ya misikiti. Neno hilo ndilo kweli lilisafiri kwenda Ulaya: Wahispania walilichukua pamoja na alif na lam yake wakasema alcoba, chumba cha kulala, na Wafaransa wakalipata kwao. Sauti kukaribiana masikioni si nasaba.

Wanahisabati wa Kiislamu walifanya nini

Katika zama za Bani Abbas vitabu vya Kiyunani viliingizwa katika Kiarabu. Kitabu cha Euclid kilifasiriwa na Al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar katika zama za Harun Ar-Rashid na Al-Ma'mun, kisha na Ishaq bin Hunayn, na Thabit bin Qurra akakisahihisha. Wafasiri hawa walikuta umbo la kubos. Wangeweza kuliandika kwa herufi za Kiarabu kama lilivyo, kama walivyofanya kwa falsafa na jiografia. Hawakufanya hivyo. Walirudi kwenye mzizi wao wakachonga neno mukaʻab, kitu kilichofanywa kwa umbo la kaʻb.

Katika elimu ya al-jabr walitumia kaʻb lenyewe kwa namba iliyozidishwa kwa nafsi yake mara tatu. Mbili mara mbili mara mbili ni 8, na nane ni kaʻb ya mbili. Namba isiyojulikana waliiita shay', yaani kitu, na namba hiyo ikizidishwa kwa nafsi yake waliiita mal. Umar Al-Khayyam, aliyefariki mwaka 1131 Miladi, aliandika risala nzima juu ya milinganyo yenye kaʻb na jinsi ya kuitatua kwa michoro ya mikato ya pia.

Elimu hii ilipohamia Ulaya, hapo ndipo panapopatikana ushahidi mzuri zaidi wa suala letu. Kitabu cha Al-Khwarizmi kilifasiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mwaka 1145, na jina la al-jabr likabaki kwao mpaka leo. Wataliana walipokuja kuisoma elimu hii waliita shay' kwa neno lao cosa, lenye maana ya kitu, na mal wakaiita censo, lenye maana ya mali. Lakini walipofika kwenye kaʻb hawakuhitaji kufasiri wala kuazima. Walikuwa nalo cubo tayari, urithi wa Kilatini na Kiyunani.

Kwa hiyo anayetaka kuonyesha deni la Ulaya kwa Waislamu hana haja ya kuzua. Aljebra ni yetu. Neno lao la namba sufuri limetokana na sifr ya Kiarabu. Neno algoriti, ambalo leo liko kwenye kila kompyuta, ni jina la Al-Khwarizmi lililogeuzwa matamshi. Mwenye dhahabu safi mkononi haongezi shaba.

Lugha nyingine na Kiswahili chetu

Waajemi na wasemaji wa Kiurdu wamelichukua mukaʻab kutoka kwa Waarabu. Waindonesia, ingawa ni Waislamu wengi, husema kubus, kwa kuwa walilipata kwa Waholanzi, na Wamalay husema kiub kwa kulipata kwa Waingereza. Dini ni moja, lakini kila mmoja amelipata jina kwa yule aliyemfundisha hisabati.

Sisi Waswahili tumekwenda njia ya tatu. Mchemraba ni maneno mawili. Mraba ni murabbaʻ ya Kiarabu, kitu chenye pande nne, kutokana na mzizi wa arbaʻa. Mche ni neno letu wenyewe, kama tunavyosema mche wa sabuni, yaani kipande kirefu chenye pande. Mabwana wa hisabati wakalifanya kuwa jina la maumbo ya aina hiyo, wakasema mche duara na mche mraba. Duara na mstatili pia ni ya Kiarabu, lakini pembetatu ni yetu. Basi hata Kiswahili, ambacho kimejaa maneno ya Kiarabu, hakikuliita umbo hili kwa jina la Kaaba.

Je, Kaaba yenyewe ni mchemraba?

Hili ndilo lililotufanya tuliandike somo hili kwa urefu. Watu wengi wamezoea picha ya jengo jeusi la mraba wakadhani Kaaba ni mchemraba wa hisabati, na kwamba ndiyo maana ya jina lake. Vipimo vyake vya leo havisemi hivyo. Kuta zake zina urefu wa kati ya takriban mita 11 na 13, na ukuta mmoja haulingani na mwingine. Kwenda juu ni takriban mita 13 mpaka 14, na vitabu hukhitalifiana kidogo.

Historia inasema zaidi. Al-Azraqi, mwanahistoria wa Makka wa karne ya 3 ya Hijra, amepokea kwamba jengo la Nabii Ibrahim (A.S.) lilikuwa na kimo cha dhiraa 9 tu, na ukuta wake wa mbele ulikuwa na urefu wa dhiraa 32, ule wa upande wa Sham dhiraa 22, wa nyuma dhiraa 31, na wa upande wa Yemen dhiraa 20. Baada ya kutaja vipimo hivyo, imeelezwa katika riwaya hiyo kwamba kwa ajili hiyo iliitwa Kaaba, kwa kuwa iko kwa umbo la kaʻb. Zingatia, ndugu msomaji. Jengo lenye urefu wa dhiraa 32 na kimo cha dhiraa 9 si mchemraba kwa mwanahisabati yeyote. Na bado hilo ndilo lililopewa jina. Basi jina linaashiria pembe nne na kuinuka, kama walivyosema Mujahid, Ikrima na watu wa lugha, wala haliashirii nyuso sita zilizo sawa.

Maquraishi walipoijenga upya, Mtume (S.A.W.) akiwa na umri wa miaka 35, waliipandisha kimo mpaka dhiraa 18. Lakini mali ya halali waliyoichanga haikutosha, wakapunguza urefu na kuiacha sehemu ya msingi wa Ibrahim (A.S.) nje ya ukuta. Hayo aliyaeleza Mtume (S.A.W.) kwa Bibi Aisha (R.A.A.), na Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Sehemu hiyo, kiasi cha dhiraa sita au saba, imo ndani ya Hijri, pale penye ukuta mfupi wa nusu duara. Abdullah bin Az-Zubayr (R.A.), baada ya Kaaba kuungua katika mzingiro wa mwaka 64 H, aliijenga juu ya msingi wa Ibrahim akaipa milango miwili na kimo cha dhiraa 27. Mwaka 74 H Al-Hajjaj akaurudisha ukuta wa upande wa Hijri mahali ulipokuwa zama za Maquraishi. Jengo tunaloliona leo asili yake ni ujenzi uliokamilika mwaka 1040 H, katika zama za Sultani Murad wa Nne, baada ya mafuriko kuliangusha la kabla yake.

Umuhimu wa haya katika fiqhi ni mkubwa. Mwenye kudhani kwamba Kaaba ni lile boma jeusi tu na kwamba umbo hilo ndilo jina lake, akitufu ataona hakuna ubaya kukatisha ndani ya Hijri kukwepa msongamano. Kwa jamhuri ya wanavyuoni mzunguko huo haukusihi, kwa sababu ameizunguka sehemu ya Nyumba na kuiacha sehemu nyingine. Kwa Mahanafi amevunja wajibu, na inampasa airudie tawafu yake madamu yuko Makka, au alipe fidia ya kuchinja. Mtu amesafiri kutoka Mombasa au Unguja kwa akiba ya miaka, kisha anaondoka na tawafu yenye kasoro kwa sababu alilijua umbo na hakuijua Nyumba.

Hitimisho

Baada ya siku hizo tulimwita kijana wetu tukamwambia: kamusi yako ya skuli imesema kweli kuhusu neno la Kizungu, na mwenzako amekosea kuhusu Kaaba. Neno la Kiyunani lilizaliwa kwao, na jina la Nyumba ya Mwenyezi Mungu ni Kiarabu safi. Hakuna lililomwazima mwenzake. Utukufu wa Kaaba haukuongezeka kwa kuwapa Wazungu jina la umbo, wala haupungui kwa kutowapa. Utukufu wake umetokana na Aliyeifanya kuwa kibla.

Akatuuliza: "Na khatibu je?" Tukamwambia khatibu haaibishwi sokoni. Tulimwendea wenyewe nyumbani kwake baada ya Isha, naye ni mtu wa heri. Alisema aliyasikia kwa mwingine, akayapenda, akayasema. Wengi wetu tumewahi kufanya hivyo. Ijumaa iliyofuata alisimama mimbarini, akasema kuwa yale aliyoyasema kuhusu jina la mchemraba hayakuthibiti, akaendelea na khutba yake. Kijana alikuwa safu ya pili.

Katika Suratul Israi, aya ya 36, tumekatazwa kufuata tusilo na ujuzi nalo, na tumeambiwa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Makatazo hayo hayakubagua uongo unaotutukana na uongo unaotusifu. Tunawausia maimamu wenzetu: kabla hujaipandisha habari mimbarini, muulize aliyekupa ameipata wapi, kama walivyoulizana watu wa Hadithi.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.